UZI: Nimepimwa na kutibiwa kukatika pumzi usingizini (slipu apnia) kwa tiba mtandao nikiwa dereva wa lori Marekani. Madereva wenzangu msiogope kipimo

Trela53
Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Huu uzi nimeuahirisha miezi kama mitano hivi, nilikuwa nataka kwanza nione mwisho wa matibabu ndo nije niongee, sasa nimeona naja.

Mi ni Mtanzania, naendesha semi (lori la trela) huku Marekani, nyumbani ni Texas upande wa Fort Worth lakini ukweli nyumbani kwangu ni kile kitanda cha nyuma ya kiti, wiki 3 barabarani siku 4 nyumbani. Familia iko Morogoro. Nalala peke yangu, na hapo ndo shida ilipojificha, maana mtu anayelala peke yake hana wa kumwambia kwamba anakoroma sembuse kukata pumzi.

Aliyegundua ni mke wangu, akiwa Morogoro. Tuna mazoea, nikipaki usiku nampigia WhatsApp, kwangu saa 5 usiku kwake saa 1 asubuhi anaandaa watoto shule, tunaongea mpaka napitiwa na usingizi simu ikiwa wazi pale juu ya mto. Yeye hakati, anaiacha anaendelea na kazi zake za jikoni. Basi akawa ananilalamikia kwamba mtandao wa huko kwenu mbovu, unakoroma weee alafu simu inakata kimyaa, alafu inarudi kwa kishindo kama mtu aliyetoka kuzama mtoni. Miezi na miezi tunalaumu mtandao. Siku moja kukiwa kimya hivo akasikia king'ora cha gari la polisi kimepita kwangu nje. Akajua simu haijakata. Ni mimi. Akachukua saa akahesabu, kimya cha kwanza sekunde 38, cha pili 45. Akaanza kuita jina langu kwa nguvu kwenye simu mpaka jirani akaja kugonga mlango akidhani kuna msiba.

Dalili nilikuwa nazo zote nikawa nazipa majina mengine. Kuamka kukojoa mara 4 usiku, nikaenda kupima sukari nikaambiwa sina. Kichwa kuuma asubuhi, nikasema ni miwani. Presha inapanda na dawa nameza. Kusinzia mchana, hilo ndo baya kuliko yote na ndo nililoficha, kuna siku kule Oklahoma nilisikia ule mngurumo wa matairi kukanyaga vijimfereji vya pembeni ya barabara nikashtuka, nikapaki, nikakaa dakika 40 mikono inatetemeka. Tani 36 na mimi nimelala. Sikumwambia mtu.

Naendelea chini.

---

Trela53
Sehemu ya 2. Kilichonisukuma kupima ni ile kadi ya afya ya udereva. Daktari akanipima shingo, inchi 18, akauliza kama nakoroma, safari hii sikudanganya, nikamweleza habari ya mke wangu na saa yake. Akanipa kadi ya miezi 3 tu akasema nipime usingizi nimletee majibu.

Nikatoka pale nimeishiwa nguvu. Kwenye kituo cha malori jamaa wakanishauri nitafute daktari mwingine niseme silali vibaya. Wengi wanaamini ukikutwa na apnia leseni imekwenda. SIO KWELI. Hakuna sheria ya shirikisho inayosema shingo ikiwa inchi kadhaa umefutwa, mwaka 2016 walianza mchakato wa kanuni ya kupima madereva, 2017 wakauondoa, kwahiyo anayeamua ni daktari wa kadi, na daktari anachotaka kuona ni kwamba unatibiwa. Aliyepimwa akatumia mashine ya kupuliza hewa akiwa amelala anaendesha. Kadi inakuwa ya mwaka 1 badala ya miaka 2, basi.

Sasa kulala hospitali na manyaya kichwani siku hiyo hiyo dispacha (anayetupangia mizigo) anataka mzigo ufike Memphis, haiwezekani. Ndo nikaenda njia ya mtandao. Unajaza fomu kwenye simu, kuna maswali 8 ya kusinzia wanaita Epworth, unajipa 0 mpaka 3 kila swali, mfano uwezekano wa kusinzia ukiwa umekaa unasoma, ukiwa abiria kwenye gari saa zima, ukiwa unaongea na mtu. Jumla ikizidi 10 ni kusinzia kusiko kawaida. Mi nilipata 17.

Alafu unaonana na daktari kwa simu ya video. HAPA DEREVA SIKILIZA. Ahadi yangu ya kwanza ilikufa ndani ya dakika 2 maana swali la kwanza la daktari lilikuwa uko wapi sasa hivi, nikasema nimepaki Arkansas, akasema pole siwezi kukuhudumia, leseni yangu ni ya Texas. Huku daktari anatakiwa awe na leseni ya jimbo ambalo mgonjwa yupo muda ule wa maongezi, sio jimbo la anwani yako. Nimepoteza siku 9 kwa kutojua hilo. Panga ahadi ukiwa jimbo ambalo daktari ana leseni yake, na uwe umepaki, daktari yeyote makini hataongea na wewe huku unaendesha.

Ahadi ya pili ilienda vizuri, dakika 25, kaniuliza mambo ya moyo, mapafu, kama nilishapata kiharusi, kama natumia dawa kali za maumivu. Nilidhani anapoteza muda kumbe hayo ndo yanaamua kama kipimo cha nyumbani kinakufaa au lazima uende maabara. Mwishoni akaniomba nifungue mdomo karibu na kamera nitoe ulimi, aone koo lilivyo jembamba.

---

mama_wa_mbagala
Kaka nimelia hapo mkeo alipoita jina. Tuendelee tafadhali

---

Kobe_Mzee
Nimekaa mkuu. Ila swali, tani 36 ukiwa umelala, ungeua watu. Kwanini hukusimama kazi?

---

Trela53
@Kobe_Mzee mzee wangu swali lako ni la haki na sina la kujitetea. Nilikuwa na ada za shule na kodi ya nyumba mbili, nikajiambia ni uchovu tu. Baada ya daktari wa video kuniambia nisiendeshe nikiwa nasikia usingizi mpaka majibu yatoke, nilikaa nyumbani wiki 2 bila mshahara. Ndo maana naandika huu uzi, nataka mwingine asimame mapema kuliko mimi.

Kipimo chenyewe sasa. Wanakutumia kwa posta. Changu kilikuwa cha kuvaa mkononi kama saa kubwa, kina waya wenye kofia inayovaliwa kidoleni na kidude kidogo unabandika kifuani juu karibu na koo. Kinapima oksijeni, mapigo, unavyogeuka, kukoroma, na mishipa ya kidole, maana pumzi ikikatika mwili unashtuka na ile mishipa midogo ya kidoleni inabana. Kwa madereva unaweza kufungwa na kijibangili kisichovulika bila kukatwa, ili ithibitike aliyelala ni wewe na sio shemeji yako. Kuna aina nyingine ya mkanda kifuani na vijimirija puani, kazi ni ile ile.

Usiku wa kwanza ulifeli, kofia ya kidole ilichomoka saa 8 usiku, wakanitumia kingine bure. Usiku wa pili nilibandika plasta juu ya waya, kikakaa.

Majibu: AHI 47. Hiyo AHI ni idadi ya mara pumzi inakatika au inapungua sana kwa saa 1, na ili ihesabiwe lazima ifike angalau sekunde 10. Chini ya 5 ni kawaida, 5 mpaka 14 ni kidogo, 15 mpaka 29 ni ya kati, 30 kwenda juu ni kali. Nilivyolala kwa saa 6 piga hesabu, mara 282 kwa usiku mmoja. Oksijeni ilishuka mpaka asilimia 74. Daktari alinionyesha mchoro kwenye skrini, ule mstari wa oksijeni uko kama meno ya msumeno usiku kucha. Nikamtumia mke wangu ile picha. Akajibu neno moja tu, "nilikwambia".

---

nurse_wa_reading
Hongera sana kaka kwa kuweka wazi. Mimi ni nesi huku Uingereza, kitengo cha kifua, wacha nichangie kidogo kuhusu mwili unachofanya maana wengi wanadhani ni pua imeziba.

Ukilala misuli ya koo inalegea. Kwa mtu mwenye koo jembamba, au ulimi mkubwa, au taya limeingia ndani, au mafuta shingoni, ile njia inajifunga kabisa, kifua kinavuta lakini hewa haipiti. Oksijeni inashuka, ubongo unapiga kengele, unaamka nusu nusu kwa sekunde chache bila kukumbuka, koo linafunguka kwa ule mkoromo wa kishindo, unalala, linajifunga tena. Kila kengele ni adrenalini (homoni ya mshtuko), ndo presha inakataa kushuka hata kwa dawa 3. Na ule mkojo wa usiku, kifua kikivuta hewa isiyoingia moyo unatanuka, unatoa homoni ya kuambia figo zitoe maji. Wanaume wengi wanakuja kwetu wakidhani ni tezi dume.

Mashine ya CPAP haikupi oksijeni, watu wanachanganya. Inasukuma hewa ya kawaida kwa presha ndogo tu inayoshikilia koo lisijifunge. Aliyeianzisha ni daktari Colin Sullivan wa Sydney, alichapisha 1981, na mpaka leo wazo ni lile lile.

Huku kwetu daktari wa mtaa anakupa rufaa, kifaa unatumiwa au unachukua hospitali unalala nacho kwako, majibu mara nyingi kwa simu, na mashine NHS (huduma ya afya ya serikali) wanakuazima bure. Ila ukikutwa na ya kati au kali na unasinzia mchana lazima uwataarifu DVLA (mamlaka ya leseni za udereva) na usiendeshe mpaka idhibitiwe. Waswahili wa huku mnaoendesha teksi na mabasi, kuficha ndo kunakoponza leseni, bima inaweza kukataa kukulipia siku ukigonga mtu.

---

Chiku_Mpls
Sasa mimi ni Mkenya niko Minneapolis, nafanya kazi ya usiku kwa nyumba za wazee. Nataka niseme kitu kwa wanawake. Mimi ni mwembamba, kilo 58, sikoromi ile ya kutetemesha dirisha. Nilikuwa nimechoka mbaya, silali vizuri, nasahau vitu, naamka na kichwa inauma. Daktari wa kwanza akasema ni mawazo, akanipa dawa ya huzuni. Wa pili akasema ni umri, hedhi inakaribia kuisha. Miaka 3 hivo. Nikaenda kwa wa mtandao, huyo ndiye alisoma majibu ya maswali kwa makini akasema wacha tupime tu. AHI 18. Taya yangu iko ndani, hiyo ndio sababu. Si unene.

Na kwa wenye wanafanya kazi usiku, nilimuuliza nipime aje na mimi nalala mchana, akasema vaa kifaa wakati ule wenye huwa unalala kabisa hata kama ni saa tatu asubuhi. Nikafunga pazia nikavaa. Ikashika.

---

nurse_wa_reading
@Chiku_Mpls dada umesema jambo kubwa. Wanawake wanakuja na uchovu, kukosa usingizi na kichwa, sio mkoromo, wanaachwa. Na baada ya hedhi kukoma hatari inapanda sana. Asante.

---

Bwana_Ukwaju
Bibi yangu kule Tanga alikuwa anasema anakabwa na jinamizi, anaamka anahema. Kumbe ndo hii?

---

nurse_wa_reading
Inawezekana ila sio lazima. Kile cha kuamka akili iko macho mwili haujongei na unahisi kitu kimekukalia kifuani ni kitu kingine, usingizi na kuamka vimegongana, kinatokea hata kwa watu wasio na apnia. Mwenye apnia kwa kawaida hajui kabisa kama anakatika pumzi, anayejua ni anayelala pembeni. Ila aliyeamka akihema kama katoka kukabwa, na anakoroma, apimwe.

---

Hela_Ngumu
Kaka tuongee hela. Sina bima ya maana, hiyo njia ni ya shilingi ngapi

---

Trela53
@Hela_Ngumu nakupa za kwangu, za mwenzako zinaweza kuwa tofauti. Kipimo na daktari nililipa dola 189 taslimu bila kugusa bima. Nilishaulizia maabara ya kulala, walinipa bei ya zaidi ya 2,000 kabla bima haijaanza kulipa chochote.

Mashine ndo kuna maamuzi. Njia ya bima, wanakukodisha mwezi kwa mwezi, yangu ilikuwa miezi 10 ndo inakuwa yako, na mpaka umalize ile hela ya mwanzo ya kutoka mfukoni unalipa wewe. Na wanakufuatilia, ndani ya mashine kuna laini ya simu, kila asubuhi inatuma umetumia saa ngapi. Sharti wanalotumia wengi limetoka Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee), saa 4 au zaidi kwa usiku, 70% ya siku, ndani ya siku 30 mfululizo kwenye miezi 3 ya mwanzo. Yaani usiku 21 kati ya 30. Ukishindwa wanaacha kulipa. Njia ya pili ni kununua mwenyewe, bado unahitaji cheti cha daktari maana huku hawauzi mashine bila hicho. Nilipata mpya kwa 840 na maski mbili. Kwa bima yangu, ambayo ile hela ya mwanzo ya mfukoni ni kubwa, nilipiga hesabu nikaona kununua ni nafuu. Mwenye bima nzuri apite bima.

Ila dereva hata ukinunua mwenyewe daktari wa kadi atataka ile ripoti, saa 4, 70%. Kwahiyo hakuna kukwepa, vaa.

---

Jembe_Halimtupi
Mi niliacha mashine wiki ya kwanza. Naamka asubuhi maski iko sakafuni sijui nimeitoa saa ngapi. Tumbo limejaa gesi. Nikairudisha kabatini mwaka wa pili huu.

---

Trela53
@Jembe_Halimtupi ndugu yangu itoe kabatini leo. Wiki ya kwanza yangu ilikuwa kama yako. Ngoja niandike kirefu hapa maana hapa ndo watu wanapoachia, na ndo tiba mtandao ilinisaidia kuliko sehemu yoyote.

Nilianza na maski ya pua. Kumbe nalala mdomo wazi, hewa inaingia puani inatokea mdomoni, naamka ulimi kama karatasi ya msasa. Usiku wa 4 nikatuma ujumbe kwenye programu yao, asubuhi mtaalamu wa upumuaji akanipigia video, yeye tayari anaona kwenye kompyuta yake kwamba hewa inavuja vibaya kuanzia saa 7 usiku. Akanibadilishia maski inayofunika pua na mdomo. Ikaja kubwa, inapuliza machoni. Akanielekeza niivae nikiwa nimelala chali mashine inapuliza, sio nimekaa, maana uso ukilala nyama zinahama. Kidogo tu hivo ikatulia. Ndevu nilizipunguza pembeni ya mdomo, nazo zilikuwa zinapitisha hewa.

Gesi tumboni ni hewa unameza. Mashine yangu inajirekebisha yenyewe kati ya presha mbili za hewa inayopuliza, ya chini na ya juu, ilikuja imefunguliwa 4 mpaka 20. Daktari alipoona takwimu za siku za mwanzo akabana iwe 8 mpaka 14, alifanya kwa mbali mi niko New Mexico nakula, nikalala usiku ule nikaona tofauti. Ile 4 ya kuanzia ilikuwa ndogo mno nahisi nakosa hewa, ndo maana nilikuwa naitoa usingizini. Wewe mwenye kuvua bila kujijua muulize daktari hilo la presha ya chini kabla hujajilaumu.

Kuizoea, nilikuwa naivaa nikiwa macho. Jioni nimepaki, nimewasha mashine, naongea na mke wangu na maski usoni, anacheka sauti ilivyo, dakika 30 kila siku. Ubongo ukazoea kwamba hicho kitu hakidhuru.

Kwenye lori chomeka kwa waya wa volti 12 wa mashine yenyewe, inverta (kile kigeuza umeme) inapoteza umeme bure. Kile kitanki cha maji cha kuipa hewa unyevu na joto la bomba la hewa ndo vinakula betri, ukizima vyote viwili mashine inatumia kidogo sana. Wakati wa baridi kule Wyoming hewa ya unyevu inapoa ndani ya bomba inakuwa maji yanakutiririkia puani, lifunike bomba kwa kitambaa, mashine iwe chini kuliko kichwa. Maji weka yale ya disitildi (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke), ya bomba yanaacha chokaa. Maski ipanguse kila siku kwa sabuni laini, mafuta ya uso ndo yanaifanya ivuje.

Usiku wa 11 nililala kwa saa 7 bila kuamka kukojoa. Niliamka nikashika shuka nikidhani nimelowa. Kavu. Nikakaa kitandani nikalia, sikumbuki mara ya mwisho kulala hivo ilikuwa lini.

---

Dokta_wa_Mitishamba
Hiyo ni biashara ya wazungu. Asali, tangawizi na kitunguu saumu kabla ya kulala, lala ubavu, kukoroma kwisha.

---

nurse_wa_reading
Kulala ubavu nakubaliana, kuna watu apnia yao inakuwa mbaya wakilala chali tu, na kuacha pombe jioni kunasaidia kweli maana pombe inalegeza koo zaidi. Asali haifungui koo lililojifunga. Mtu mwenye AHI 47 usimwambie hivyo kaka, anaweza kukuamini.

---

Kitambi_Sio_Mali
Mimi nasikia kuna sindano siku hizi inatibu, kweli?

---

nurse_wa_reading
Kweli kwa baadhi. Desemba 2024 mamlaka ya dawa Marekani, FDA, waliidhinisha Zepbound, dawa yake inaitwa tirzepatide, kwa watu wazima wenye unene uliozidi na apnia ya kati au kali. Inafanya kazi kwa kupunguza uzito, inachukua miezi, kwahiyo mashine huitupi siku ya kwanza, unapimwa upya ukishapungua. Kwa mwembamba kama dada Chiku haimhusu. Kwa ya kidogo na ya kati kuna pia kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele, anatengeneza daktari wa meno aliyesomea, sio vile vya kununua mtandaoni vya kuchemsha na kung'ata.

---

Chiku_Mpls
Mimi natumia hicho cha taya. Miezi ya kwanza meno yalikuwa yanauma asubuhi, sahi nimezoea. Walinipima tena nikiwa nimekivaa, AHI 6.

---

Mtoto_wa_Nyegezi
Wakuu nimesoma uzi wote natetemeka. Mzee wangu yuko Mwanza, miaka 63, presha haishuki, mwaka juzi alipata kiharusi kidogo akapona. Anakoroma mpaka nyumba ya pili na kunakuwaga na kile kimya. Sisi tangu wadogo tunaambiwa baba akikoroma ameshiba na amelala usingizi mzito. Nina kaka yuko Houston anasema atanunua mashine iliyotumika atume. Naomba ushauri, je hii ya mtandao mzee anaweza?

---

Trela53
@Mtoto_wa_Nyegezi pole sana mdogo wangu. Kaka yako asitume mashine kabla mzee hajapimwa. Na zilizotumika awe makini, Juni 2021 Philips waliita mashine nyingi zirudishwe kwa ajili ya sponji ya ndani iliyokuwa inamomonyoka, bado kuna watu wanaziuza huko mitandaoni. Wacha nesi akueleze la kiharusi.

---

nurse_wa_reading
Mdogo wangu, kwa mzee aliyeshapata kiharusi, au mwenye moyo uliochoka, au mapafu mabovu, hiki kipimo cha nyumbani sio mahali pa kuanzia. Kuna apnia ya aina nyingine ambayo koo liko wazi ila ubongo wenyewe unasahau kutuma amri ya kupumua, hiyo inawapata watu wa moyo na kiharusi zaidi, na mashine ya kawaida inaweza isimfae. Vipimo vya nyumbani vinaweza kushindwa kutofautisha. Anahitaji daktari amshike kwa mkono.

Mtandao utumie kwa kazi hii: mrekodi mzee akiwa amelala, video ya dakika 10 kifua kionekane, sauti isikike. Hiyo video mpelekee daktari wake wa presha, muombe rufaa kwa daktari wa kifua au wa pua, koo na masikio hospitali kubwa ya rufaa. Daktari akiona kifua kinapanda na kushuka lakini hakuna sauti ya hewa ataelewa upesi kuliko maelezo ya kurasa 3. Kile kipima oksijeni cha kidoleni mlichonunua wakati wa korona kama bado mnacho mvalishe usiku, andikeni kinashuka mpaka ngapi. Kikisoma vizuri msijipe moyo kwamba hana, kinaweza kukosea. Kikishuka mara kwa mara mpelekeni msisubiri.

Na mwambieni aachane na bia za jioni, na dawa za usingizi asimeze bila daktari.

---

mama_wa_mbagala
Na watoto je? Wa kwangu ana miaka 5 anakoroma, analala mdomo wazi, jasho jingi

---

nurse_wa_reading
Mama, watoto mara nyingi ni tonsili na zile nyama za nyuma ya pua, na wengi wakitolewa wanapona kabisa. Ila mtoto hapimwi kwa vifaa hivi vya posta, mpeleke kwa daktari wa pua, koo na masikio akamuangalie. Mtoto wa hivyo darasani anaonekana mtundu hatulii kumbe hajalala.

---

Jembe_Halimtupi
Nimeitoa kabatini. Nimeangalia presha ya chini iko 4. Nimeweka ahadi na daktari wa mtandao Jumatano, safari hii nitakuwa nyumbani Ohio sio barabarani. Asante mkuu

---

Trela53
@Jembe_Halimtupi umenifurahisha sana. Kabla ya kuvaa badilisha chujio na maski, mwaka kabatini mpira unakakamaa.

Kwa waliouliza nimefikia wapi, nilipeleka ripoti ya siku 60 kwa daktari wa kadi, nimetumia 97% ya siku, AHI imeshuka kutoka 47 mpaka 2.8. Akanipa kadi ya mwaka. Presha imekuwa 128 kwa 80, daktari amenipunguzia dawa moja kati ya 2, amesema nisiache ya pili bila yeye. Epworth nilijaza tena nikapata 5. Mke wangu mpaka leo bado anaacha simu wazi, anasema sasa anasikia upepo tu.

---

Mtoto_wa_Nyegezi
Nimerudi wakuu. Jana usiku nimemrekodi mzee. Dakika 10 nilizokaa pale kimya kirefu ni sekunde 41, nimehesabu mwenyewe na simu mkononi, kifua kinahangaika kupanda na hakuna hewa. Oksijeni kidoleni imeshuka mpaka 71. Mama amekaa pembeni anasema hivi ndivyo amelala miaka 20. Saa 2 asubuhi nimempigia daktari wake wa presha, kasema tumlete leo leo, tuko kwenye gari sasa hivi.

---

nurse_wa_reading
Umefanya vizuri sana. Video usiikate, ipeleke nzima kama ilivyo. Kiharusi cha mwaka juzi kitaje wewe mwanzo kabisa, usisubiri waulize. Na zile namba za oksijeni ziandike na saa zake.

---

Trela53
Tuko na wewe mdogo wangu. Mpe mzee shikamoo yangu. Ukitoka tuambie wamesemaje.